Mto wa Pamba Isiyo Pamba

Jumapili, Julai 1986. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi imeingia mifupani.

Niwie radhi, shajara yangu. Tangu Pasaka sijakuandikia neno. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa nimechoka tu. Nirudipo Kibera kutoka kazini hunawa, hula na kulala, na kalamu huiona nzito kama jembe.

Kazi yenyewe ni ile ya chuoni, ambako mimi ni nyapara wa vibarua. Tunang'oa mabomba ya zamani ya maji moto katika majengo ya chuo. Mabomba hayo yamevikwa asbesto, kitu cheupe chenye nyuzi laini, kisichoshika moto. Vibarua wanakiita pamba. Nimewaambia mara nyingi kwamba kitu hicho si pamba, kwa kuwa sipendi neno litumiwe mahali pasipo pake. Wao hucheka.

"Mzee, kama si pamba, basi ni ndevu za wazungu waliojenga hapa," alisema Otieno, mcheshi wetu, huku akijibandika fungu la asbesto kidevuni.

Walicheka hata wakakohoa. Mmoja akalalamika, "Vumbi hii imezidi." Nikamsahihisha: vumbi hili limezidi. Sarufi ikakaa sawa. Vumbi likabaki palepale.

Mwanangu Wekesa yumo katika kundi hilo. Mimi ndiye niliyemwombea kazi.

Juma lililopita walimu wote wenye ofisi katika jengo tunalolifanyia kazi sasa walihamishwa, kisha mhandisi akaja kukagua. Hakuingia. Alisimama mlangoni, leso puani, akaniuliza maswali kwa mbali. Nilipotaka kujua kwa nini walimu wameondolewa, alijibu kwamba vumbi la asbesto huharibu mapafu, na kwamba madhara yake hukawia miaka mingi kabla ya kuonekana. Alilisema jambo hilo kama mtu anayesema kuwa mvua itanyesha. Nikauliza, na sisi je?

Akasema tufungue madirisha.

Jana alasiri nilikwenda Kawangware kumwona mjukuu wangu. Kwa desturi yetu sisi watu wa Magharibi mwa Kenya, baba mkwe haingii mahali anapolala mkaza mwana wake, na nyumba ya Wekesa ni chumba kimoja. Kwa hiyo mimi huketi nje, chini ya ukingo wa mabati, na Rispa, mke wa Wekesa, huniletea kiti. Jana aliniletea kiti pamoja na mto mpya, mnene, ulioshonwa vizuri kwa kitambaa cha maua.

"Kalia hii, Baba. Ni pamba ya chuo. Wekesa alileta mingi, ikatosha hata mto ya mtoto."

Nilikuwa nimekwisha kuketi. Niliruka kama mtu aliyekalia siafu.

Nilitaka kuingia ndani nimwinue mtoto. Miguu yangu, iliyolelewa katika adabu tangu utotoni, iligoma kizingitini. Nikajaribu njia ya mzunguko: niliusifu mto, nikauomba uwe wangu. Rispa alifurahi mno. Nadhani hajapata kusifiwa nami. Kisha nikaomba na ule wa mtoto. Furaha ikamtoka usoni.

"Hata wa mtoto, Baba? Sasa yeye atalalia nini?"

Jirani aliyekuwa akifua aliangua kicheko. "Haki huyu mzee! Amekuja kumpora mjukuu!"

Basi nikasema ukweli, jirani akisikia: kilichomo ndani ya mito hiyo ni sumu ya mapafu, na Wekesa hakujua alipoileta. Rispa aliingia, akautoa mto ukiwa bado na joto la kichwa cha mtoto. Hakunipa mkononi. Aliuweka chini mbele yangu, kisha akarudi ndani.

Niliilowesha mito yote miwili, nikaitia katika gunia, nikaenda kuizika kwa kina mahali ambapo watoto hawachezi. Sijui kama ndivyo ipasavyo kufanywa. Hakuna aliyetufundisha.

Leo sikwenda kanisani. Nilikwenda nyumbani kwa mhandisi, kule chuoni, nikamwambia tunachohitaji: maji ya kulowesha asbesto kabla ya kuibandua, vifuniko vya pua na mdomo, na nguo za kazi zibaki chuoni zifuliwe huko, zisiende kukung'utwa mbele ya watoto wetu. Alisema atazungumza na wakubwa wake, lakini kesho kazi iendelee. Nikamjibu kwamba ufunguo wa jengo ninao mimi. Akatabasamu. Akasema nyapara si mimi peke yangu katika Nairobi.

Jioni Wekesa alikuja, macho yamemwiva, amekwisha kusikia kwamba nimemtishia mhandisi kulifunga jengo. "Umeniaibisha kwa bibi yangu, Baba. Sasa unataka kuniachisha na kazi? Watu wamejaa pale geti wakingoja. Tukitoka sisi, wataingia wao, na mtoto wangu atakula maneno yako?"

Kuhusu watu wa langoni, amesema kweli. Hakukubali hata chai.

Nimechoka, shajara yangu. Katika umri huu nilitarajia kuhesabu wajukuu, si kugombana na mwanangu juu ya hewa anayovuta.

Kesho, kabla ya mtu yeyote kuvaa nguo za kazi, nitawakusanya vibarua nje ya jengo niwaeleze kila kitu nilichoambiwa na mhandisi, bila kupunguza. Waamue kwa akili zao: waingie, au wakae nje pamoja nami hadi tupewe tulichoomba. Wekesa atakuwa miongoni mwao. Je, nitamzuia mlangoni kwa mkono, mtu mzima mwenye mke na mtoto?

Watakapokwisha kuamua, nitakuandikia walivyoamua, na mahali mwanangu aliposimama.