Nyonga ya Kushoto ya Sajini

Jumatatu, 3 Machi
Sajini anachechemea bado. Mbwa wa lindo, miaka sita, mimi ndiye ninayemlisha na kumwogesha. Msimamizi kasema daktari wa mifugo asipopata ugonjwa mpaka Ijumaa, mbwa atachomwa sindano ya kumlaza moja kwa moja. Asiyefanya kazi hapa hali chakula. Kama sisi tu.

Jumanne, 4 Machi
Daktari kaja. Mama mfupi, mikono myepesi. Akaniagiza nimtembeze Sajini uani, kamba ilegee, nisimwangalie. Yeye alitazama nyonga. Upande unaouma hupanda juu, kwa sababu mbwa hataki kuulemea. Kushoto, akasema. Akabonyeza vidole vya mguu, goti, nyonga. Sajini kimya, kanikodolea macho mimi. Akampiga picha ya mifupa, ikatoka safi.

Jumatano, 5 Machi
Mrefu, mwenzangu wa zamu, alinirekodi nikiwa na Sajini. Nikamtumia mama watoto kule nyumbani, mwaka wa tatu hajaniona. Akapiga simu: "Baba watoto, mbona unachechemea?"
Nikamwambia ni mbwa huyo, angalia vizuri.
"Mbwa nimemwona," akasema.

Alhamisi, 6 Machi
Siumwi popote. Nimebeba magunia kumi ya chakula cha mbwa. Mrefu anasema natembea vizuri tu, kama bwana harusi. Mrefu hana neno la kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Leo kamba kapewa Mrefu. Sajini akatembea sawasawa, kama kijana. Nikaishika mimi — kushoto tena.
"Anakuigiza huyo," msimamizi akasema.
Daktari hakucheka. Akataka nitembee peke yangu mpaka ukutani na kurudi. Kisha akanikalisha juu ya ndoo. Samahani kaka, akasema, akaanza kunibonyeza kama alivyombonyeza mbwa. Vidole. Goti. Alipofika kwenye nyonga, Sajini akalia. Yuko kule, kafungwa kwenye nguzo, hajaguswa na mtu. Daktari akatoa mkono. Akaurudisha. Mbwa akalia tena.
"Inauma?"
"Hapana, dokta." Na kweli haiumi.
"Sasa dokta, sindano tumchome nani?" msimamizi akauliza. Mrefu alicheka peke yake, akaacha.
Wako ofisini, mlango umefungwa. Daktari anataka nami nipigwe picha ya mifupa. Msimamizi anataka jibu kabla ya saa kumi. Nimemfungua Sajini. Kaja mwenyewe, kaniegemea nyonga ya kushoto kwa uzito wake wote, kilo arobaini na kitu. Namwona kaegemea. Uzito siusikii —