Siku Niliyokuacha Ulale

Mdogo wangu Mashaka,

Marahaba. Najua ungeanza na shikamoo, basi naipokea kabla hujaituma. Hapa Morogoro tu wazima, ila mvua imekaa mlimani siku ya tatu na magoti yangu yanaijua. Mara tatu nimekupigia simu nikwambie jambo, mara zote nikaishia kukuuliza habari za karanga zako. Kwa hiyo nakuandikia. Ukimaliza kusoma huenda usiniite dada tena, na hilo ndilo ninaloliogopa.

Niache kwanza nikukumbuke kidogo, maana baadaye sijui kama nitakuwa na ruhusa.

Siku ya kwanza uliyoingia bwenini kwetu, pale nyuma ya stesheni nilipowapikia madereva wa treni, ulikuwa dereva mpya, Mnyamwezi mrefu mpaka miguu inatoka nje ya kitanda. Ulikuwa umeleta treni ya mizigo kutoka Dodoma, macho mekundu, mafuta hadi masikioni. Nikakuchokoza: "Karibu mtani. Babu zenu si ndio walibeba mizigo kwa miguu hadi pwani? Nyie siku hizi mnabebewa na injini, wavivu wakubwa!" Ukanijibu papo hapo, "Na nyie Waluguru mlikuwa mlimani mmejificha, mnatuchungulia." Wallahi nilicheka hadi mwiko ukaniponyoka.

Wenzako walikuwa wakifika wanaanguka kitandani. Wewe ulikuja kwanza jikoni, ukavuta kigoda, ukanichambulia mchicha huku unasimulia habari za mama yako: jinsi anavyokukemea kwa kukonda, jinsi anavyokuwekea asali ya Tabora mpaka urudi. Nilimpenda mama yule bila kumwona.

Ajabu ya nyumba ile ilikuwa mchana. Watu wanakoroma saa sita, jua kali, na mimi natembea pekupeku. Kisamvu nilitwangia kule mbali, nyuma ya tangi la maji. Kila mlango uliandikwa kwa chaki saa ya mtu kuamshwa, na wewe chini ya saa yako uliongeza, "Taratibu, dada." Nilikuamsha kwa kukushika kidole gumba cha mguu. Na nilikuwa na sheria moja, wote mliijua: habari mbaya haimfikii dereva mpaka amalize safari. Ana roho za watu nyuma yake. Sheria hiyo sikupewa na mkubwa yeyote. Niliitunga mwenyewe, na nilijivunia.

Sasa sikiliza, mdogo wangu.

Siku ile ulifika asubuhi, ukala, ukaandika saa kumi mlangoni. Jioni ulikuwa uendeshe treni ya abiria kwenda Dar. Saa saba akaja Kondo, yule tarishi wa stesheni, na kikaratasi mkononi. Enzi hizo simu ilikuwa moja tu, ya ofisini kwao. Akaninong'oneza, "Mama yake Mashaka amefariki. Wanazika kesho adhuhuri. Tumwamshe, basi la Tabora linapita saa tisa, atawahi."

Nikamwambia, "Ndiyo kwanza amelala. Nipe, nitamwambia mimi."

Kondo alinipa. Nilikitia kifuani. Nikasimama mlangoni kwako nikakusikia unavyopumua, nikashindwa. Saa tisa ikapita. Saa kumi nikakushika kidole, ukaamka, ukanywa chai, ukanitania kwamba chai yangu ni maji ya kunawia. Nikacheka! Mashaka, nilicheka na kile kikaratasi kipo hapa kifuani. Kisha ukapanda injini ukaelekea Dar, ukampa mama yako mgongo, na mimi nikakupungia mkono.

Nilijiambia ni sheria. Uongo. Abiria wale wangepatiwa dereva mwingine, alikuwepo chumba cha tatu. Niliogopa kukuona unalia, basi. Ulipofika Dar ndipo ukaambiwa, na kwamba ujumbe ulishafika Morogoro mchana; ukafika Tabora kaburi limeshafukiwa.

Uliporudi ulisema Kondo alizembea, alikalia ujumbe. Nami nilikuwa nakuchotea maji ya kuoga. Nikaendelea kuchota. Baadaye nilimfuata Kondo nikitaka tuje wote kwako. Akaniambia, "Acha, Mama Tatu. Wewe anakuita dada. Mimi ni mtu wa kuleta karatasi tu, hatapungukiwa na kitu." Nikakubali. Miaka yote hii nimekula asali unayoniletea na yeye amekula lawama yangu.

Bweni sasa limefungwa. Treni ya umeme inafika Dar upesi, vijana wanaenda na kurudi wakalale kwao, na mimi nafurahi kwamba watalala karibu na mama zao. Ningeweza kunyamaza hadi niingie kaburini. Lakini mwezi uliopita, kwenye msiba kule Kihonda, nilikuona. Kondo alikuja na fimbo yake, akakunyooshea mkono mbele za watu. Ukaingiza wako mfukoni. Mzee wa watu akabaki na mkono hewani, akageuka akanitazama, na bado hakunitaja.

Nimekosa kulala tangu siku hiyo. Sisi ni watani, tuna ruhusa ya kuambiana lolote bila kununa, ila hili silileti kwa ruhusa ya utani. Nililinda usingizi wako nikakunyima mama yako. Nisamehe, na usiponisamehe nitaelewa.

Ninachokuomba ni kimoja. Usianze na mimi. Kondo ni mgonjwa, kifua kinambana, na namba yake nimeiandika nyuma ya barua hii. Mpigie leo, umwite kaka. Ukishamaliza naye, kama bado una dada Morogoro, ndipo unipigie.

Aliyejiita dada yako akakuacha ulale,
Mama Tatu