Mama Haketi Tena Mlangoni

Mtaa wa Ufukweni,
Nyumba ya mwisho kabla ya hoteli,
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, wifi yangu na mwanenu. Hamjambo? Kifua cha wifi kimepona? Mwambie asijitie ushujaa na baridi ya watu. Mimi mwili mzima, ila moyo hauna hali, na leo sitakuficha.

Mtaa wenyewe usingeujua. Fundi cherehani aliyekushonea sare za shule sasa anauza kofia za jua. Duka la mkaa limegeuka mahali pa kukandwa. Ukichungulia unaona watalii wamelala kifudifudi kama samaki walioanikwa. Njia ya ufukweni imewekwa geti, na juzi mlinzi aliniuliza nakwenda wapi, mimi niliyejifunzia kutembea palepale. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wamejaa tele, ndugu yangu, huko kupona ndiko nisikokuona.

Basi nije kwenye la mama. Ule usahaulifu niliokugusia umezidi. Tangu mvua zilipokatika alikuwa akiketi mlangoni kutwa, na akisikia magurudumu ya sanduku barabarani anainuka: "Mwanangu huyo!" Nimewaomba wageni radhi mpaka ulimi umeota sugu.

Unamkumbuka Kasuku, mtembeza watalii? Bado anawafundisha maneno mawili matatu, wayatamke mbele za watu, watu wacheke. Mwezi uliopita alipita na kijana mmoja mrefu, mabega kama yako, akamfundisha aseme, "Shikamoo mama, nimefika." Kasuku anaapa ulikuwa utani tu. Mama alimkumbatia yule kijana akalia mpaka leso ikalowa. Akamwingiza ndani, akamkalisha kwenye kitanda chako, akamlisha kwa mkono wake. Kijana naye, maskini, hakuwa na Kiswahili kingine. Kila alichoulizwa alijibu, "Nimefika, mama."

Niliporudi kutoka kutandika vitanda vya hoteli nilimkuta mama anaimba. "Kaja, kala, kashiba, kaenda zake kazini." Tangu siku hiyo haketi tena mlangoni. Lipite sanduku la nani, hageuki. Majirani wananipa hongera, eti mama katulia. Mimi nalia jikoni.

Na ile Ijumaa uliyopiga simu ukadhani mtandao umekatika, haukukatika. Uliposema, "Mama, ni mimi mwanao," alikusikiliza, akakata mwenyewe, akanirudishia simu. "Kuna tapeli anajifanya mwanangu," akasema. "Usimpokee tena." Nikamwonyesha picha yako. Akaniambia nimeingia ubia na matapeli, akasusa chakula siku nzima.

Daktari anasema haya hayarudi nyuma. Nilimwuliza tena na tena, kwa ule ubishi wangu unaoujua, jibu likawa lilelile.

Nimekata tamaa, mdogo wangu, nakwambia kama lilivyo. Jina langu alishalisahau zamani; lako alilishika kwa sababu alikuwa akikungoja. Sasa amemaliza kungoja, na wewe hujafika.

Unasema umeshakata tikiti ya mwezi ujao. Njoo. Ila ukimwambia wewe ni mwanawe atakupigia kelele za mwizi, na majirani wapya hawakujui. Pita kama wapitavyo wageni. Msalimie, mwite mama kama wote wanavyomwita, ataitikia, wageni anawapenda. Akikupa kiti, kaa. Akikuuliza unatoka wapi, mwambie mbali. Mimi nitakuwa jikoni, na sitakuita jina lako.

Kasuku anakuomba radhi. Siku hizi anazunguka mtaa mzima asipite mlangoni kwetu. Shangazi anakusalimu, na fundi pia. Nibusie mwanenu mashavu yote mawili. Mungu awafungulie njia, na atupe nguvu ya kutazamana tukikutana.

Ni mimi dada yako mkubwa, akupendaye sana.