Kwa Bwana Kesho wa Kweli

Mwaka umeisha, Wabuge, tangu utuache, na mimi Maximilla bado najivunia kwamba jina lako la muziki, lile lililojaza kumbi kutoka Huruma hadi Timboroa, nililitunga mimi. Sawa, sikulitunga. Nilikuwa nakutukana. Kila nikikuuliza paa utaziba lini, unajibu "kesho," nami nikakuita Bwana Kesho mbele ya bendi. Wakacheka. Jumamosi iliyofuata nikalisikia kwenye maikrofoni.

Ulikuwa mpole. Wauza mitumba na mafundi wa jua kali uliwataja kwa majina ndani ya nyimbo zako, hata wale hawajawahi kukununulia soda. Asubuhi ulipiga gitaa polepole ukidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Na paa bado linavuja.

Tyson, kijana wa jirani, ulimfundisha gitaa hapa sebuleni, akila ugali wetu kama mtoto wa nyumba. Siku ya mazishi hatukumwona. Wiki hiyo hiyo mabango yakajaa mjini: BWANA KESHO JUKWAANI. Sura ni ya Tyson. Hapo niliumia kuliko kaburini. Wewe ulichukuliwa na Mungu. Jina lilichukuliwa na mtu niliyempakulia.

Sauti yako ilienda na wewe. Hilo jina ndilo tulibaki nalo, na tunalitaka nyumbani.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo, binti zako Nakhumicha na Tryphosa, ndugu yako Wamalwa, na wajukuu. Leo tunakulilia, na kesho tutakuwa na wewe moyoni vilevile.

Tyson naye alikuja juzi, anataka awekwe kwenye tangazo hili la kumbukumbu kama mrithi.

"Mama, Mzee alinijia kwa ndoto. Akaniambia, chukua jina langu."

Kwetu marehemu huja hivyo akitaka mtoto apewe jina lake, kwa hivyo sikucheka. Nikamuuliza ulikuwa umevaa nini.

"Ile suti nyeupe ya shoo, Mama. Ile tulimzika nayo."

"Tulimzika? Kwani ulikuwako?"

"Mama nawe! Si nilisimama kando ya jeneza nikamwona nayo?"

Wewe tulikuzika na sweta ya kijani niliyokufumia, kama ulivyoomba.

"Tyson," nikasema, "hebu geuka uangalie mlango."

Suti yako ilikuwa imening'inia nyuma yake, imepigwa pasi.