Kichupa Kilichoandikwa "Mzima"

Jumatatu, 3 Machi

Kimefika! Miezi minane ya barua na simu, na leo kipo kwenye friji yetu: kipimo rejea cha kulinganishia damu za wagonjwa, kile kile kinachotumiwa na maabara kubwa. Unga mweupe kidogo kwenye kitako cha kichupa, utadhani chumvi iliyobaki. Sasa tutaacha kutumia damu yangu.

Maana ni damu yangu tangu tuanze, miaka mitatu iliyopita. Hatukuwa na cha kulinganishia. Nikakunja mkono wa blauzi, Kobe akanitoa damu, akaandika kwenye kichupa kwa herufi kubwa: MZIMA. (Kobe ni fundi wetu wa maabara. Haharakishwi na mtu.) Tunapima protini ya ini inayolinda mapafu. Mgonjwa akifika nusu ya kiwango changu, tunamwambia hana tatizo la kurithi. Asipofika, analo. Basi.

Ripoti ya utafiti wetu inakwenda kwa jarida Ijumaa. Kobe anataka kwanza apime MZIMA kwa kipimo kipya, ili roho yake itulie. Mpime, nimemwambia, lakini usitumie wiki nzima.

Jumanne, 4 Machi

Nusu.

Damu yangu ina nusu tu ya protini inayotakiwa! Nimemwambia Kobe amekosea pipeti, amevuta damu kidogo mno. Akanitazama, akarudia. Nusu. Nikamsukuma pembeni nikapima mwenyewe. Nusu.

"Daktari," akasema, "mimi nilikuandika mzima kwa sababu ulikuwa umesimama."

Nimecheka mpaka machozi. Halafu nikashindwa kuacha, na haikuwa kicheko tena. Nyani haoni kundule — miaka mitatu nachungulia damu za watu, yangu sijaiuliza swali hata moja.

Jumatano, 5 Machi

Nimempigia mama. Nimemuuliza kuhusu baba, aliyekufa kwa kifua akiwa na miaka arobaini na tisa, na sigara hakuigusa. Mama akasema kifua kile kilikuwa cha kwao, baba zake wadogo nao walikohoa hivyo hivyo. Kisha: "Wewe ndiye daktari, unaniuliza mimi?" Kweli, mama.

Mimi sitakufa kwa hili. Mwenye nusu, asipovuta sigara, huzeeka vizuri. Nawaambia wagonjwa hivyo kila wiki na ni kweli. Kinachoniwasha ni kingine, nimekijua nikipiga mswaki: kama mimi ni nusu, basi nusu yangu ni robo!

Nimekimbilia maabara bila chai. Kobe alikuwa ameshafungua daftari, na yeye hakulala. Wako wanne. Wanne tuliowapitisha kwa kipimo changu, na kwa kipimo cha kweli hawafiki hata theluthi. Ni wagonjwa. Nimewaambia kwa mdomo wangu kwamba si wagonjwa.

Wa tatu ni seremala. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, pumzi fupi, akauliza swali moja tu: niache kazi? Endelea, nikamwambia. Nikampa karatasi yenye sahihi yangu. Wiki iliyofuata akaniletea stuli ya mninga aliyoiunda mwenyewe. Ndiyo ninayoikalia. Leo nimefanya kazi nimesimama.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu wa idara amenisikiliza hadi mwisho, ana adabu ya kizamani. Akavua miwani. Akashauri tuongeze mstari mmoja kwenye ripoti, kwamba kipimo "kimeboreshwa". Wagonjwa wataitwa kamati ikishakaa. Lini? Mwezi ujao, au ule mwingine.

"Mwanangu, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Profesa. Hapa ni mapafu."

Nilipayuka. Sijutii. Akasema nikimpigia mgonjwa yeyote, nimepiga kwa jina langu, si la idara. Na nitafute kazi kwingine. Hilo la mwisho hakulisema kwa mdomo, alilisema kwa jinsi alivyosafisha miwani.

Nimezunguka jengo mara tatu. Naogopa. Naipenda kazi hii kupita kiasi, ndiyo aibu yenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne asubuhi. Ripoti haijatumwa, iko kwenye kompyuta yangu. Mkuu amepita mlangoni mara mbili akijifanya anatafuta kalamu.

Kobe ameniwekea faili la seremala mezani, namba imepigiwa mstari. Akasema yeye amekwenda polepole maisha yake yote, lakini hili lisingoje.

Nimepiga.

Amepokea! Nyuma yake randa ya umeme inanguruma. "Daktari wangu! Ile stuli ipo?" Ipo, nimesema. Nikaanza: ile karatasi niliyokupa... Hakuniacha nimalize. Ameitia fremu! Imetundikwa karakana, juu ya benchi lake. Mkewe alitaka aache kazi, akamwonyesha. Mwanawe wa kwanza naye ameanza kukohoa, akamwonyesha hiyo hiyo — usiogope, ukoo wetu hauna kitu, daktari amesaini.

Nikasema, kaka, nisikilize. Akasema subiri, nizime mashine.

Ameweka simu chini. Naandika huku nimeibana sikioni kwa bega. Mashine imezimwa. Anakohoa. Kuna mwingine anakohoa karibu naye, sauti nyembamba zaidi. Nasubiri wamalize, ili nianze.