Sakafu ya Mama Saidi

Mikumi, Jumatano

Mdogo wangu Zaina,

Marahaba, maana najua huko Lushoto umeshaniamkia moyoni. Joto la hapa ni kali na kifua changu kimechoka.

Jana nilifika kijijini tulikochimba tantali, madini ya kutengenezea simu, miaka ile nilipokuwa mpimaji wa kampuni. Tulitwanga mawe, tukayaosha kwenye makarai, na chembe nyeusi nzito zikabaki chini. Hizo zilipelekwa ng'ambo kusafishwa kwa asidi. Mchanga uliobaki wanakijiji waliuchukua kusakafia nyumba. Nilikuwa nimeupima, Zaina, na ulikuwa na mionzi. Wakubwa wangu hawakutaka kusikia, nami nikaandika kwamba hauna madhara.

Mama Saidi, mjane wa mmoja wa waosha mawe wetu, alinitandikia mkeka.

"Kaa hapa chini, babu. Sakafu yetu ina ubaridi mzuri."

Akaniwekea ugali na mlenda. Sikumega hata tonge. Nikamwambia yote.

Akamnyanyua mjukuu wake aliyekuwa amelala sakafuni, akamtoa nje. Aliporudi alisimama mlangoni.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku niliyoupima."

"Na kwako ulisakafia mchanga gani?"

"Wa mtoni," nikasema.

Akaichukua sahani yangu, akaenda kuwamwagia kuku.

Vipimo vya kweli vimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu huko Lushoto. Usiningoje nirudi; kifua hiki hakitanifikisha huko. Mpe mwanao avilete ofisi ya wilaya, Kilosa, na umwambie ni nani aliyevificha. Nisamehe kwa yale yote uliyojivunia kwangu. Jifunike vizuri, baridi ya huko isikuumize.

Kaka yako,
Idrisa