Miaka ya Mabela Niliyoikosa

Mama yangu kipenzi,

Nna jambo la kukwambia wewe tu, maana nikimwambia mwengine ataniona mtu mzima sina haya. Bado namwonea wivu dada Zuwena.

Tulipotoka Unguja, baba alifariki kabla hatujalizoea hata joto la Maskati. Ukapata kiwanja Mabela, wakati huo jangwa tupu, jirani humwoni ila moshi wa jiko lake. Ukamchukua Zuwena. Mimi ukaniacha mjini Matrah kwa bibi, nisome. Nilikulilia unichukue, ukaniambia, "Huko hakuna maisha bado, mwanangu. Wacha tukayatengeneze kwanza."

Mkayatengeneza bila mimi. Nikija Alkhamisi, skuli ikifungwa, nakukuteni mmeungua jua, mnachekea mambo nisiyoyajua. Upepo ulipoezua mabati, mlijibanza chini ya meza mmekumbatiana mpaka ukatulia. Mlinihadithia, huyu akianza yule akimalizia, nami nikatamani upepo ule urudi nikiwapo. Mkapanda mlimao, mkagombana na dereva wa gari la maji, mkafuga mbuzi mkampa jina la shangazi. Hata ulipougua, mkono wako umo mkononi mwangu, uliita "Zuwena."

Juzi tulikuwa barazani kwako, siku hizi nyumba zimejaa kila upande. Jirani mpya, bibi harusi, akauliza nani alianza kukaa hapa. Zuwena akasimulia yote. Nikasema mimi sikuwapo, nikaingia ndani.

Akanifuata jikoni.

"Ulikuwa ukija na sare yako ya skuli," akasema taratibu, "na mimi nachanganya saruji. Unadhani mama alinichagua kwa mapenzi? Nilikuwa mkubwa, nna nguvu, basi. Mpaka leo maandishi ya dawa zangu unanisomea wewe."

Sikuwahi kulifikiria hilo, mama. Nilimkumbatia, tukalia sote wawili, na nilimhurumia kweli. Kisha akajifuta macho, akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema ni neno mlilokuwa mkiambiana mkichoka kazi, nyinyi wawili tu. Akajaribu kunieleza, akashindwa.

Wivu ukanirudia palepale, nimemshika hivyo hivyo.

Mola akulaze pema, mama. Zuwena nitamtunza, na wivu wangu nitabaki nao.

Mimi binti yako mdogo